MAKAPI YA CHAI YASITUPWE OVYO
Kazi zake katika bustani na nyumbani, na mambo ya kujihadhari nayo

Kila siku alfajiri, kabla malori hayajaanza kupakua mizigo katika soko la Chwele, sufuria za chai huwa zimekwisha kuinjikwa motoni. Chwele ni mji wa soko katika Kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon ambao Wabukusu huuita Masaba. Huko, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kenya, chai haitengenezwi kikombe kimoja kimoja. Maji, maziwa, sukari na majani huchemshwa pamoja, kisha chai huchujwa, na majani yanayobaki katika kichujio hukung'utwa mlangoni, au mtaroni, au nyuma ya jiko. Ifikapo saa sita ya mchana nzi na sisimizi wamekwisha kukusanyika hapo.

Majani hayo yaliyokwisha kuchemshwa ndiyo tunayoyaita makapi ya chai. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba makapi hayo yana kazi. Si dawa ya kila kitu, wala hayatamtajirisha mtu. Lakini mwenye nyumba akijua yale yawezayo kufanya na yale yasiyoweza, atasaidia bustani yake ya mboga, atapata kitu cha kusafishia nyumba, na ataondoa uchafu mlangoni pake. Na katika nchi ambayo bei ya mbolea yaweza kupanda ghafula kupita uwezo wa mkulima mdogo, jambo hilo si la kudharauliwa.

NI KITU GANI KILICHOBAKI KATIKA MAJANI?

Mchai ulipandwa kwanza katika Kenya mwaka 1903, huko Limuru. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yalianza mashamba yao Kericho, na tangu mwaka 1964 wakulima wadogo waliunganishwa chini ya KTDA. Chai haitoki mbali na watu wa Chwele: upande wa Kitale kuna kiwanda cha Kapsara katika Kaunti ya Trans Nzoia, na upande wa kusini kuna kiwanda cha Mudete katika Kaunti ya Vihiga.

Mchumaji wa chai hachumi majani yaliyokomaa. Huchuma chipukizi na majani mawili machanga yaliyo karibu nalo. Majani machanga ya mmea huwa na naitrojeni nyingi, nayo naitrojeni ndiyo chakula kinachoifanya mimea iwe na majani mengi ya kijani. Tunapochemsha chai, maji huchukua rangi, harufu, sehemu kubwa ya kafeini inayotuamsha usingizini, na sehemu ya tanini, yaani kile kitu kinacholeta ukakasi mdomoni. Kwa jumla kiasi cha theluthi moja ya uzito wa majani, au zaidi kidogo, huingia katika maji. Kinachobaki katika kichujio ni nyuzinyuzi za majani, tanini iliyosalia, na sehemu kubwa ya ile naitrojeni. Makapi yakikaushwa kabisa, katika kila sehemu 100 za uzito wake, sehemu 4 hivi huwa ni naitrojeni.

Kwa hiyo mtu anayetupa makapi mtaroni anatupa chakula cha mboga zake. Lakini ni chakula kiasi gani? Na tuhesabu.

HESABU YA MWAKA MMOJA

Tuseme nyumba moja yatumia robo kilo ya majani ya chai kila juma. Kwa mwaka mzima hiyo ni kilo 13. Makapi yake yote yakikusanywa na kukaushwa yatakuwa kilo 8 hivi, na ndani yake mna naitrojeni ya gramu 320. Sasa linganisha na mbolea ya dukani. Mfuko wa kilo 50 wa CAN una kilo 13 za naitrojeni. Basi makapi ya mwaka mzima ya nyumba hiyo ni sawa na kilo moja na robo tu ya CAN.

Hesabu hiyo yatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba makapi ya chai hayawezi kuchukua mahali pa mbolea katika shamba la mahindi. Tena yana fosforasi kidogo tu, na mahindi huihitaji sana fosforasi wakati wa kupandwa. Mtu akikuambia kwamba ukimwaga makapi katika mahindi huna haja ya mbolea nyingine, usimsadiki.

La pili ni kwamba kwa matuta machache ya sukuma wiki, mnavu au vitunguu yaliyo karibu na jiko, makapi ni msaada wa kweli usiogharimu hata senti moja. Wakulima hawajasahau mwaka 2022, wakati mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipouzwa kwa zaidi ya shilingi 6,000. Mwezi wa Septemba mwaka huo Serikali iliweka bei nafuu ya shilingi 3,500, na mwaka 2023 bei hiyo ikateremshwa hadi shilingi 2,500. Bei ile ilipopanda, wengi walipanda bila mbolea, au walitumia nusu ya kiasi kinachotakiwa. Mtu aliyezoea kutengeneza mboji yake mwenyewe angaliweza kuitumia kwa mboga, na mbolea kidogo aliyoinunua akaiweka yote katika mahindi.

KWANZA YAOSHWE

Makapi ya Chwele si kama makapi ya nchi ambazo watu hunywa chai isiyochemshwa na maziwa. Yetu yana maziwa na sukari ndani yake. Yakiachwa hivyo hivyo huchacha upesi, hunuka, na huwaita nzi, sisimizi na panya. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kuyaosha.

Mara tu chai ikiisha kuchujwa, mimina kikombe kimoja cha maji baridi juu ya makapi yangali katika kichujio, uyatikise, kisha uyakamue kwa mkono. Maji yale ya kuoshea usiyatupe. Yamwage chini ya mgomba. Makapi yaliyokamuliwa yawekwe katika kopo lenye mfuniko, na kila jioni yapelekwe kwenye shimo la mboji.

Ukitaka kuyaweka akiba kwa kazi za nyumbani, yatandaze katika ungo, yawe membamba, uyaanike juani siku moja au mbili mpaka yakishikwa yanavunjika. Yasipokauka vizuri yataota ukungu. Yaliyoota ukungu yasitumike ndani ya nyumba. Yatupwe katika mboji.

Hapa yatupasa kutoa onyo. Watu wengine huyaacha makapi yenye maziwa katika sufuria usiku kucha, na asubuhi huyachemsha tena ili kupunguza gharama ya majani. Tabia hiyo si njema. Maziwa yaliyokaa katika joto usiku kucha ni makao mazuri ya vijidudu vinavyoharibu tumbo, na chai yenyewe huwa haina ladha. Anayetaka majani yake yatoe chai mara mbili, na achemshe kwa maji matupu, achuje, ayachemshe tena papo hapo kwa maji mengine, ndipo atie maziwa katika chai iliyokwisha kuchujwa.

JINSI YA KUTENGENEZA MBOJI

Makapi mabichi yasirundikwe juu ya mizizi ya mmea. Yakirundikwa hushikamana kama matope, yakikauka huwa gamba gumu, na maji ya mvua hayapiti vizuri. Tena tanini huyafanya yaoze polepole, na kafeini iliyobaki huweza kuzuia mbegu zisiote vema. Ndiyo maana makapi mabichi hayafai kabisa kutiwa katika kitalu cha miche. Dawa ya hayo yote ni kuyapitisha katika mboji.

Chagua mahali penye kivuli karibu na bustani. Chini kabisa weka mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, ili hewa ipite. Juu yake weka majani mabichi, maganda ya ndizi, maganda ya maharagwe na takataka nyingine za jikoni, pamoja na makapi yako ya chai. Kisha weka samadi ya ng'ombe au ya kuku, na udongo kidogo. Nyunyiza maji, halafu uanze tena kwa mabua. Ukifika kimo cha kiuno, funika kwa majani ya migomba ili jua lisikaushe na mvua isichukue chakula cha mimea.

Majivu ya jiko yaweza kutiwa, lakini yawe kidogo tu. Makapi ya chai yana uchachu kidogo, na mashamba mengi ya magharibi ya Kenya yana udongo wenye uchachu. Majivu husaidia kuupunguza.

Geuza rundo hilo kila baada ya majuma matatu, kile cha nje kiingie ndani. Chomeka kijiti katikati ya rundo: ukikichomoa kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi yaendelea vizuri, kikiwa kikavu, ongeza maji, kikinuka vibaya, maji yamezidi, basi geuza na uongeze mabua. Baada ya miezi mitatu au minne mboji itakuwa nyeusi, yenye kuvunjika mkononi, na yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Hapo ndipo iwekwe katika matuta.

Kazi hiyo isiachiwe akina mama peke yao. Baba aweza kulichimba shimo na kuligeuza rundo, na watoto waweza kupeleka kopo kila jioni.

HOTELI ZA SOKONI

Tumesema kwamba makapi ya nyumba moja ni machache. Lakini hoteli za chai zilizo sokoni huchemsha chai tangu asubuhi hadi jioni, na makapi yake ni mengi kuliko ya nyumba nyingi zikikusanywa pamoja. Sehemu kubwa huishia katika mitaro, na huko huchanganyika na maganda na majani ya mboga mpaka maji ya mvua yakakosa njia.

Mkulima wa mboga aliye karibu na soko aweza kupatana na mwenye hoteli. Mkulima alete ndoo mbili zenye mifuniko. Ndoo moja ikae hotelini, na nyingine iwe shambani. Kila jioni zibadilishwe. Mwenye hoteli aoshe makapi kabla ya kuyatia ndani, wala asichanganye na karatasi au mifuko ya plastiki. Kwa namna hiyo mmoja ataondolewa uchafu, na mwenziwe atapata chakula cha mboga atakazomwuzia huyo huyo mwenye hoteli. Hakuna atakayempa mwenziwe fedha, na wote wawili watakuwa wamefaidika.

KAZI ZA NDANI YA NYUMBA

Kufagia. Sakafu ya saruji ikifagiwa kavu, vumbi huruka na kutua tena juu ya meza na vyombo. Chukua makapi yaliyooshwa na kukamuliwa vizuri, yenye unyevu tu, uyatawanye sakafuni, kisha ufagie. Vumbi litashikamana nayo. Njia hiyo ilitumiwa zamani sana katika nyumba za Uingereza. Usiitumie juu ya zulia au mkeka wa rangi nyeupe, kwa maana makapi huacha madoa.

Kuondoa harufu. Makapi makavu kabisa yakifungwa katika kitambaa chepesi na kuwekwa katika kabati au ndani ya viatu hunywa unyevu na kupunguza harufu. Yabadilishwe kila baada ya majuma mawili. Lakini tuseme kweli: mkaa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa hiyo mwenye mkaa asione amekosa kitu.

Kusugua vyombo. Makapi yaliyochanganywa na majivu na sabuni kidogo husaidia kusugua mafuta yaliyoganda katika sufuria. Baada ya hapo chombo kisuuzwe kwa maji safi.

Kutia rangi. Nyumba nyingi huwa na vitambaa vyeupe vya kufunikia viti. Vikizeeka na kupata madoa yasiyotoka, vyaweza kutiwa rangi ya kahawia kwa makapi. Chemsha vikombe viwili vya makapi makavu katika lita mbili za maji kwa nusu saa, uchuje, kisha utumbukize kitambaa kilicholoweshwa, ukiache kwa saa moja au zaidi. Kisuuze na ukianike kivulini. Rangi hiyo hushika pamba na sufu. Haishiki vizuri vitambaa vya poliesta. Tumia sufuria isiyo ya chuma, kwa sababu tanini ikikutana na chuma hugeuka kuwa nyeusi.

VIFUKO VYA CHAI

Siku hizi watu wengi, hasa mijini kama Kitale na Bungoma, hutumia chai iliyofungwa katika vifuko vidogo. Kifuko cha namna hiyo kiliombewa hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka 1901 na wanawake wawili wa Milwaukee, Roberta Lawson na Mary McLaren. Uingereza kampuni ya Tetley ilianza kuviuza mwaka 1953.

Makapi yaliyo ndani ya kifuko ni sawa na makapi mengine, lakini kifuko chenyewe si lazima kioze. Vingine ni vya karatasi ya nyuzi za mimea, lakini vingi vya hivyo vimetiwa plastiki kidogo ili kingo zishikamane. Vingine, hasa vile vyenye kung'aa kama hariri, ni plastiki tupu. Mwaka 2019 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada walitangaza kwamba vifuko vya plastiki vikitiwa katika maji ya moto hutoa vipande vingi mno vya plastiki visivyoonekana kwa macho.

Kuna ushahidi mwingine wa kupendeza. Mwaka 2013 wanasayansi walieleza njia rahisi ya kupima jinsi udongo unavyoozesha majani. Huchukua vifuko vya chai vya dukani, huvipima uzito, huvifukia ardhini, na baada ya miezi mitatu hivi huvifukua na kuvipima tena. Chai huwa imepungua kwa kuoza, lakini kifuko chake cha nailoni hubaki kizima, na ndiyo sababu kilichaguliwa kwa kazi hiyo. Kinachomfaa mwanasayansi hakimfai mkulima. Kwa hiyo pasua kifuko, mimina makapi katika mboji, na kifuko chenyewe, pamoja na uzi, karatasi ya jina na pini ya chuma, ukiweke katika takataka nyingine.

MAMBO YASIYOFAA

Mtoto akimwagikiwa na chai ya moto, usimpake makapi ya chai, wala majani mengine, wala siagi, wala dawa ya meno. Vitu hivyo huweza kuingiza vijidudu katika kidonda na kumzuia mganga asione ukubwa wake. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, mfunike mtoto asipate baridi, kisha mpeleke hospitali.

Watu wengine huweka kifuko cha chai kilichopoa juu ya macho yaliyovimba kwa uchovu. Lakini jicho lenye usaha, lenye wekundu au lenye kuuma ni gonjwa, nalo latakiwa kuonwa na mganga. Makapi yaliyokaa si safi. Yasikaribie jicho la namna hiyo.

Tena usiwape kuku na mbwa makapi kuwa chakula. Kafeini iliyosalia yaweza kuwadhuru.

NENO LA MWISHO

Ukitaka kujaribu, anza kwa jambo dogo. Weka kopo moja lenye mfuniko jikoni, na ulime tuta moja la sukuma wiki. Ligawe tuta hilo sehemu mbili: upande mmoja utie mboji yenye makapi, upande wa pili uache bila kitu. Mwagilia pande zote mbili sawasawa, na uhesabu majani unayochuma kila juma. Baada ya miezi miwili hutahitaji kuuliza mtu. Tuta lenyewe litakupa jibu. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba, na makapi ya asubuhi moja ni haba kweli. Lakini asubuhi za mwaka ni 365.